Herufi Zilizoimbwa Kisimani

Katika maisha yangu nimeandika barua nyingi, zangu na za watu wasiojua kuandika. Ninayoikumbuka neno kwa neno ni moja tu, nayo ilikuwa ya uongo. Ilikuwa na mistari minne. Kwa mistari hiyo minne nilimtafutia mtu mwingine viboko kwa kosa langu mwenyewe, ingawa siku ile nilijiambia kwamba natoa tu taarifa ya shule.

Ulikuwa wakati wa Mjerumani, miaka ile reli ilipokuwa bado njiani, na Dodoma ilikuwa mahema ya wapima njia na vigingi vilivyopakwa chokaa. Mimi ni mtu wa milima ya Kondoa. Baba yangu, aliyekuwa akiuza asali na tumbaku, alinipeleka pwani nikiwa mdogo, nikasoma shule kuu ya serikali mpaka nikamaliza. Nilirudi bara na kofia nyekundu, kanzu mbili, saa ya mfukoni isiyotembea, na cheo cha mwalimu. Nikapangiwa kijiji kimoja cha Wagogo, mwendo wa nusu siku kutoka Miyuji.

Shule ilikuwa chumba kimoja cha tembe, paa la udongo lililo bapa, mlango wa kukuinamisha. Chumba kilitolewa na jumbe wa kijiji, ambaye aliwahamisha mbuzi wake ili tuingie sisi. Alikuwa mtu mzima mwenye magoti mabovu. Ujanani alibeba mizigo ya misafara mpaka pwani, na huko ndiko alikojifunza Kiswahili, pamoja na matusi yake. Nilikuwa na watoto kumi na wanne, wavulana watupu. Serikali ilitaka makarani, wala haikuwaza kwamba karani anaweza kuwa msichana.

Pwani sisi tulifundishwa kwa sauti moja. Mwalimu akisema a, vijana sitini walisema a kama bunduki moja iliyolia. Aliyechelewa alipigwa, na aliyewahi alipigwa. Aliyecheka alisimamishwa juani na kibao chake cha kuandikia kichwani. Sikuona ubaya wowote. Nilidhani elimu haina mlango mwingine wa kuingilia. Furaha ilikuwa kitu cha baada ya masomo, kama pilau ya Idi: hupewi kila siku, na hufi ukiikosa.

Siku ya kwanza niliandika a ubaoni, nikaisema, nikawaashiria watoto waifuate. Yule wa mbele aliisema kwa sauti nzito ya kifuani. Wa pili akaipandisha yake juu ya ile. Wa tatu alingoja kidogo, akaingia pale wale wawili walipoacha nafasi. Wa nyuma kabisa akaikatakata vipande vidogo vidogo kooni. Walikuwa kumi na wanne, na hakuna hata mmoja aliyefanana na jirani yake. Walikuwa wakitabasamu.

Nilidhani wananicheza shere.

"Sauti moja!" nikasema. "Wote kama mimi!"

Wakatazamana. Wakajaribu tena, na kwa kuwa mwalimu alionekana hakuridhika, waliongeza bidii: mmoja akaanza kupiga kofi, mwingine akaleta sauti ya chini zaidi. Nilisikia kicheko nje ya dirisha, nikaamini kijiji kizima kinanicheka, mimi na kofia yangu.

Niliwaonya kwa wiki nzima. Kisha nikakata ufito wa mkole, nikawapanga mstari, nikampiga kila mmoja kiganjani. Yule wa kwanza, mwenye sauti nzito, nilimwona ndiye kiongozi wa dhihaka, nikamwongeza. Nilimwongeza mpaka akaufumba mkono na hakuweza kuufumbua. Alikuwa na umri kama wa miaka tisa. Hakulia. Nimeishi na mkono ule uliofumbwa zaidi ya miaka hamsini.

Baada ya hapo walisema a kwa sauti moja. Ilikuwa sauti nyembamba, yenye kutu, lakini moja. Nilifurahi sana. Jumatatu iliyofuata walikuja tisa. Alhamisi walikuja wanne. Wiki moja baadaye niliingia chumbani nikasimama na chaki mkononi mbele ya mikeka mitupu na mbuzi mmoja aliyerudi kwao.

Mwalimu asiye na wanafunzi alirudishwa pwani na jina baya, na mimi nilikuwa kijana wa kupenda jina. Nikakaa nikaandika. *Kwa Bwana Shauri, bomani. Watoto wa shule hawaji. Jumbe wa hapa na wazee wenzake wamewaficha kwa kuichukia serikali. Mimi nimefanya kazi yangu yote.* Nikampa tarishi aliyekuwa akipita.

Jibu lilikuja siku ya nne. Bwana Shauri, yaani Mjerumani aliyesimamia kesi na mambo ya wenyeji, angepita kijijini baada ya siku sita akienda kukagua njia ya reli. Akiwakuta watoto, vyema. Asipowakuta, jumbe angelazwa chini mbele ya watu wake na kupigwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano vya ngozi ya kiboko. Mwisho barua ilisema: *Msomee jumbe barua hii.*

Nilikwenda kwake. Alikuwa amekaa uani akisuka kamba.

"Karibu, mtu wa milimani," alisema. "Karatasi inasemaje?"

"Inasema Bwana Shauri anakuja baada ya siku sita. Anataka kuwaona watoto."

Aliitazama karatasi. Aliona maneno ni mengi kuliko niliyoyasema. Mtu asiyejua kusoma huona hilo upesi.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, mzee."

"Mjerumani ana wino mwingi," alisema, akaendelea na kamba yake.

Hilo ndilo kosa langu la pili, na naliona kubwa kuliko la kwanza. Nilipewa elimu ya kusoma ili niwagawie watu, na mara ya kwanza mtu aliponiomba nimsomee, niliruka mistari. Lile la kwanza nililiandika kwa woga. La pili nililifanya nikimtazama mtu usoni.

Siku mbili nilizunguka tembe kwa tembe nikiuliza watoto. Kigogo changu kilikuwa cha kuombea maji tu. Wanawake waliokuwa wakipura uwele walinijibu kwa salamu, "Mbukwenyi," wakacheka, wakanyoosha mkono upande wa mto. Sikuwaelewa. Nilidhani wananifukuza. Siku ya tatu nilifuata ule mkono.

Kilikuwa kiangazi. Mto ule ulikuwa mchanga mtupu, na ng'ombe wote walinyweshwa kwenye visima vilivyochimbwa humo humo mchangani, virefu kuliko watu watatu. Kila kisima hukatwa ngazi za udongo ubavuni. Mtu mmoja husimama chini kabisa majini, na wengine hupanga ngazi mpaka juu. Kibuyu kilichojaa hupanda mkono kwa mkono, kitupu hurudi chini, na wa mwisho humimina kwenye hori la udongo. Kazi hiyo haiendi bila wimbo, maana ni wimbo unaokuambia kibuyu kinakufikia lini.

Niliwasikia kabla ya kuwaona. Nikasimama nyuma ya kichaka, nikawa sitaki kuyaamini masikio yangu.

Walikuwa wakiimba a, e, i, o, u.

Ile a ilianzia chini kabisa kisimani, nzito, na kila mkono ulipopokea kibuyu sauti nyingine iliingia juu yake. E ilichelewa kwa makusudi. I ilikatwakatwa kooni. Wengine walikuwa tayari wamefika ba, be, bi, ambazo niliwafundisha siku mbili tu, nikiwa na ufito mkononi. Juu ya kisima, kando ya hori, msichana wa miaka kama kumi alikuwa amechuchumaa akiandika kwa kidole kwenye mchanga uliolowa. Kila herufi iliyopanda na kibuyu aliiandika, kisha kwato za ng'ombe zikaifuta, naye akaiandika tena bila kukasirika.

Walikuwa wameiacha shule yangu, wakaondoka na kila nilichowafundisha.

Nilipojitokeza wimbo ulikatika. Kibuyu kilimponyoka mtoto, kikamwagikia waliokuwa chini. Kutoka ndani ya kisima ikatoka sauti niliyoijua, ikitukana kwa Kiswahili cha misafara.

"Nani huyo kanimwagia?"

"Ni mwalimu, baba," akasema msichana.

"Mwalimu kafuata nini huku? Ana kiu?"

Watoto hawakucheka. Walikuwa wanatazama mikono yangu, kama ina ufito. Niliionyesha, mitupu. Nafasi moja ilikuwa wazi kwenye ngazi, ya mtoto aliyeruka nje aliponiona. Nikavua kofia, nikakunja kanzu kiunoni, nikashuka nikasimama pale.

Kibuyu cha kwanza nilikidaka vibaya, maji yakaniingia kifuani. Cha pili nilikigonganisha na cha mwenzangu.

"Mtu wa milimani, kwenu mnakunywa mawe?" jumbe aliuliza kutoka chini.

Hapo mmoja akacheka, halafu wote. Kicheko kile kilinipita mwilini kama maji yale. Kilikuwa cha kunicheka mimi, kweli, lakini hakikuwa na ubaya ndani yake, na nilielewa kwamba hata kile cha dirishani siku ya kwanza hakikuwa na ubaya.

"Ukimya wako ndio unaotuchelewesha," jumbe alisema. "Imba."

Niliimba a, kama ya mtoto aliyekuwa chini yangu.

"Hapana, hiyo ni yake. Tafuta yako."

"Si lazima tufanane?"

"Mkifanana wewe umekuja kufanya nini? Anayo tayari mmoja. Kwetu ukiimba sauti ya mwenzako umemnyang'anya kigoda na yeye amekikalia." Alinipa kibuyu kingine kupitia mikono ya watoto. "Kwa nini umefunga shule? Watoto waliniambia umekasirika, umefunga."

Basi kumbe nao walidanganya. Mzee yule hakuwa amemficha mtu yeyote. Alidhani mimi ndiye niliyewafukuza watoto, na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa.

Nilikuwa na kibuyu mkononi, kimejaa. Nilikipitisha. Nikapokea kitupu, nikakishusha. Kisha nikasema, nikiwa nimeukabili ukuta wa mchanga, "Mzee, karatasi ile haikuwa na hayo tu."

Nilimwambia yote, tangu ufito mpaka mistari minne, na hamsa ishirini. Watoto waliojua Kiswahili kidogo walisimamisha mikono. Ng'ombe waliokuwa wakingoja horini walianza kulia.

"Zamani nilimwona mtu akipigwa hiyo," jumbe alisema kutoka chini. "Safarini. Alikuwa amebeba pembe mbili, mtu mwenye nguvu kunishinda. Hakubeba tena kitu." Akajaza kibuyu. "Zimebaki siku ngapi?"

"Tatu."

"Ng'ombe wana kiu," alisema. "Pitisha kibuyu."

Tukaendelea mpaka ng'ombe wote wakanywa. Sijawahi kufanya kazi ndefu kama ile. Alipopanda, nusu ya mwili wake ikiwa tope, hakunitazama. Aliwaambia watoto maneno machache kwa Kigogo. Msichana ndiye aliyenitafsiria.

"Baba amewaambia anayetaka arudi, na asiyetaka asirudi. Hatawalazimisha kwa ajili ya mgongo wake."

"Na wao wanasemaje?"

Walishauriana. Walijadili kwa raha sana, kama watu wanaonunua ng'ombe. Kisha msichana akasema, "Wanasema watakuja ukiwaacha waimbe hivi. Na ufito uuchome." Akakuna kichwa. "Na mimi je? Hii inayofanana na pembe za fahali si ndiyo u?"

"Ndiyo u."

"Basi na mimi nimo."

Walirudi kumi na watatu. Yule wa mkono hakurudi. Alikuwa amekwenda kwa mjomba wake mbali, na ujumbe ulipomfikia alijibu kwamba herufi anazo tayari, mwalimu hamhitaji. Sikuwahi kumwona tena wala kumwomba radhi. Msichana alikaa kwenye mkeka wake, idadi ikatimia.

Zile siku tatu ndizo nilizoanza kufundisha. Niliandika, nikanyamaza, nikasikiliza. Silabi niliyodhani itachukua mwezi ilichukua asubuhi moja, kwa sababu kila mtoto alipaswa kuishika yake asipotezwe na wenzake, na ili uishike yako ni lazima uijue. Aliyekosea alisikika mara moja, wakacheka, naye akacheka, akarekebisha. Hakuna aliyeniuliza masomo yanakwisha saa ngapi. Mjukuu wangu ambaye ni mwalimu huniuliza nikiwa nimekaa kibarazani kwangu hapa Majengo, Dodoma: babu, shule ni ya nini hasa? Yeye ana majibu yake ya vitabuni, mazuri. Langu nalijibu kwa kile chumba cha mbuzi: mtoto aende akafurahi, na furaha ile ndiyo itakayombebea herufi mpaka kisimani. Ukiiondoa, utabaki na sauti moja yenye kutu, na kesho yake mikeka mitupu. Sikulisoma jibu hilo popote. Nililipata kwa kuumiza watoto, na singependa mwalimu mwingine alipate kwa njia hiyo.

Bwana Shauri alifika juu ya nyumbu, na askari wawili. Mmoja alikuwa amechomeka kiboko kwenye mkanda. Kijiji chote kilijikusanya. Jumbe alisimama mbele kabisa na nguo yake begani, upande mmoja wa mgongo ukiwa wazi, nami sikuweza kuacha kuutazama.

"Wasome," alisema Bwana Shauri.

Niligusa ubao. Ile a ya kwanza sasa aliianza msichana, chini kadiri alivyoweza, na wengine wakapanda juu yake. Mjerumani alikunja uso.

"Kwa nini hawasemi pamoja?"

"Wanasema pamoja, bwana. Watu wa hapa ndivyo wanavyosema pamoja."

Hakuridhika. Alichukua fimbo yangu ya kuonyeshea, akagonga herufi moja, akamnyooshea kidole mtoto mmoja. Mtoto akaisoma. Akagonga nyingine, akachagua mwingine. Alirukaruka hivyo, juu, chini, katikati, akitafuta wa kubahatisha. Hakumpata. Alipomfikia msichana alisita, akawahesabu wote kwa kidole, akapata kumi na wanne, akaliacha jambo hilo. Kisha akatoa karatasi mfukoni, nami nikautambua mwandiko wangu.

"Barua inasema jumbe aliwaficha. Amewaleta kwa kuogopa. Bado alificha." Akamwita jumbe kwa kidole. Askari akashika mkanda.

Nilikuwa nimejiandaa siku tatu kwa maneno mazuri. Nilichosema ni, "Hakuwaficha, bwana. Nilidanganya. Niliwapiga, wakakimbia, nikamsingizia."

Bwana Shauri aliisoma tena karatasi, polepole, kama vile ingeweza kubadilika.

"Basi mwalimu alale chini."

Nilianza kuvua kofia. Naapa kifua changu kilikuwa chepesi kuliko kilivyokuwa kwa wiki tatu. Nikasikia jumbe akikohoa.

"Bwana mkubwa, neno dogo."

"Wewe unajua huyu alitaka upigwe?"

"Najua. Alinisomea karatasi."

"Lini?"

"Tukiwa kisimani. Alisoma vibaya mara ya kwanza, akarudia." Akasugua goti. "Ukimpiga mbele ya watoto watakimbia wote. Wewe utaondoka na nyumbu wako. Nani atawakimbiza? Mimi? Na magoti haya?"

Askari mwenye kiboko alicheka, akajifanya anapiga chafya. Bwana Shauri alimtazama jumbe, akatazama magoti, akatazama watoto waliokwisha kujikusanya karibu na mlango, tayari. Sijui aliona nini. Labda aliona jua limepanda na njia ya reli ni mbali. Aliikunja barua yangu akairudisha mfukoni.

"Hii naiweka," aliniambia. "Ukiandika uongo mwingine, nitazisoma zote mbili."

Akapanda nyumbu. Tulisimama mpaka vumbi lao likapotea nyuma ya vichaka. Hapo nikakaa chini penye vumbi na kanzu yangu safi, nikaanza kucheka na machozi yananitoka. Watoto walinizunguka wakanitazama. Mmoja wao akaniigiza nilivyokaa, wakaangua kicheko, na kabla sijainuka walikuwa wamerudi ndani wenyewe na wameanza ba, be, bi, bila mwalimu.

Nilimfuata jumbe. Alikuwa anafungua zizi.

"Mzee, sijui nikuambie nini."

"Usiniambie kitu. Wala usidhani nimekusamehe, hilo bado nalifikiria." Alisukuma mti wa mlango, ng'ombe wakaanza kutoka mmoja mmoja. "Nilitaka kusikia wakicheka leo. Wangelia wangeniharibia siku. Rudi ndani, wanakosea ile ya nne."

Walikuwa wanakosea kweli. Aliisikia kabla yangu.

Nguo ilikuwa imemteleza begani. Alikwenda nyuma ya ng'ombe wake kuelekea kisimani, akichechemea, nami nikasimama pale zizini nikiutazama mgongo wake wote. Ulikuwa mzima, una vumbi na jasho la siku ya kawaida. Nikautazama mpaka ukashuka kwenye mto, ndipo nikaingia darasani.